Tumepewa ghala la pamba tulifanye makumbusho ya sanaa ya wilaya. Tuanzie wapi?

KatibuWasanii

Wakuu, heshima kwenu. Wazee waliomo humu, shikamooni.

Naomba mawazo, na naomba nisijibiwe "andikeni andiko la mradi", maana hilo nimeshaambiwa na kila mtu mwenye tai.

Mimi ni katibu wa umoja wa wasanii wa wilaya yetu, Maswa. Ndani ya umoja tuna wachoraji wa mabango, akina mama wafinyanzi, wachonga viti na vinu, vikundi vya ngoma, na mzee mmoja fundi wa zeze ambaye hana hata mwanafunzi mmoja. Sasa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa pamba cha kijiji cha jirani kimetuambia tunaweza kutumia ghala lao la zamani la pamba. Tofali za kuchoma, bati, milango miwili mikubwa ya chuma, moja mbele moja nyuma. Mzani wa kupimia pamba bado umesimama pembeni na mawe yake. Popo ndio wenye nyumba kwa sasa, lakini kuta zimenyooka.

Habari zilipotoka tu, watu wakaanza kuleta vitu hata hatujafagia. Mama mmoja kaleta kibuyu cha kusukia maziwa, mwingine kaleta jembe la mkono lililofuliwa na Balongo, wale wahunzi wa zamani, babu yake alilipa sehemu ya mahari kwa majembe kama hayo. Familia ya ukoo wa mtemi, yaani chifu wa zamani, imeleta ngoma kubwa na kiti cha miguu mitatu. Mjukuu wao akasema, "Tunawaachia, ila ukitokea msiba mkubwa tunakuja kuichukua ngoma." Hapo ametuachia au ametuazima? Vyote viko chumbani kwangu, chini ya kitanda na juu ya kabati, na mke wangu amenipa muda.

Tena kuna mfanyabiashara kutoka mjini ameshaulizia bei ya kile kiti. Alichotaja si hela ndogo, na mjukuu alikuwepo, amesikia.

Umoja nao umegawanyika. Vijana wachoraji wanataka ukumbi wa kuuzia picha. Wazee wanataka makumbusho ya Kisukuma. Akina mama wanasema wapewe kivuli na maji ya kuponda udongo, hayo mengine tutajuana wenyewe. Afisa utamaduni wa wilaya yuko upande wetu, lakini ofisi yake ni pikipiki, na mafuta anajiwekea.

Nani amewahi kuona jambo kama hili likisimama na likaendelea kusimama baada ya wafadhili kuondoka? Vibali tunaanzia mlango gani? Na vitu vya watu tunavipokeaje bila kuja kushitakiana?

Chapati_Maji

Weka picha ya hicho kiti mkuu, tukione.

KatibuWasanii

Hizi hapa. [picha tatu]

MzeeWaKisesa

Mwanangu, wabeja, yaani asante, kwa kuuliza kabla ya kufungua. Wengi hufungua kwanza, tena na mgeni rasmi.

Mimi ni mtu wa Kisesa, kilima cha Bujora nakiona kutoka uani kwangu. Kwa wasiopajua, ni kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini, njia ya Musoma, unakunja kushoto unapanda mawe. Pale kuna Makumbusho ya Kisukuma, na yapo tangu 1968. Kwa hiyo ukiuliza nani ameona jambo kama lenu likisimama, mimi nimezeeka nalo.

Watu husema Bujora ilijengwa na padri. Ni kweli, padri David Clement, Mkanada wa Quebec, wa shirika la White Fathers. Lakini angalieni mpangilio wake. Padri alikuja miaka ya 1950. Kabla hajakusanya hata kigoda alikaa na wazee, ikaundwa kamati ya utafiti ya Wasukuma wenyewe, wakawa wanaandika nyimbo, methali na habari za koo. Lile kanisa la duara lilijengwa 1958, kwa umbo la nyumba zetu, na ngoma zetu zikaingia mle ndani wakati pengine zilikuwa bado zinaitwa za kishenzi. Makumbusho yakafuata miaka kumi baadaye. Kumbe kufikia hapo wenye vitu walikuwa wameshamjua anayeviomba.

Halafu jambo la wakati. Serikali ilifuta utemi 1963. Fikirini maana yake: ngoma za kitemi, viti, mikuki, mataji, vile vipande vya gamba jeupe la pwani ambavyo mtemi alivaa kifuani au kwenye paji la uso, vyote vikabaki kwenye nyumba za wajukuu bila kazi. Mchwa wakala vingine. Vingine vikaenda kwa watu kama huyo mfanyabiashara wako, hawakuanza leo. Kwa hiyo kulikuwa na mahali palipoaminika, na kulikuwa na watu wenye mzigo wasiojua waupeleke wapi. Hali ya chumba chako inaonyesha Maswa mmefika hapo hapo. Usione ni usumbufu tu.

Sasa nakupeleka ndani kidogo. Jengo la vitu vya watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Mtoto anaona kiti kikubwa cha sementi nje, anaingia, anakuta viti vyenyewe na ngoma. Na ngoma zile hazijafa, hupigwa sikukuu za kanisa na wakija wakubwa wa serikali. Kwa hiyo yule mjukuu anayetaka kuichukua ngoma wakati wa msiba, msimwone msumbufu. Huyo ndiye anayeifanya ngoma iendelee kuwa ngoma. Siku ukoo ukiacha kuja kuichukua, mtabaki na gogo lililowambwa ngozi.

Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote ni pipa. Kuna pipa limewekwa lizunguke kwenye mhimili, limeandikwa hesabu ya moja mpaka kumi kwa namna mbalimbali ambazo marika ya Wasukuma yalihesabu zamani. Kila rika na hesabu yake, asiye wa rika hilo asielewe. Unalizungusha kwa mkono. Hakuna kioo wala kamba ya "usiguse". Nimeona mabasi ya shule yakishusha watoto, wanapita mbele ya mikuki wanapiga miayo, wakifika kwenye pipa wanagombania. Mmoja anasoma kwa sauti, wenzake wanacheka, mwalimu anashindwa kutamka. Gharama yake ni pipa na rangi. Wachoraji wenu wa mabango wanaweza kitu kama hicho kwa wikiendi moja. Mwambieni mzee wa zeze awe na zeze moja la kushikwa na kila mtu, livunjike, atengeneze jingine, na mtoto atakayeliuliza mara ya pili ndiye mwanafunzi wake.

Sasa hoja yangu yenyewe. Bujora haikuishi kwa vitu. Vitu ni vizuri, lakini mtu wa Kisesa haendi kuangalia jembe, jembe analo nyumbani. Imeishi kwa Bulabo. Kila mwaka, mwezi wa Juni, majira ya sikukuu ya Ekaristi, vikundi vya ngoma vinakuja kushindana, Bagika na Bagalu. Nyinyi Maswa mnajua upinzani huo, hakuna haja ya kuwaeleza kwamba ulianza na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, kila mmoja akidai dawa yake ndiyo kali. Kwa vijana wa mjini waliomo humu: vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, upande huu na upande ule, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hakuna majaji wenye karatasi. Watu wakihama upande wako kwenda ule, umeshindwa na unajiona unavyoshindwa. Ndiyo maana utaona mtu ameleta chatu, mwingine anarusha jembe juu analidaka kwa kisogo. Na dawa bado wanaweka, wasiwadanganye.

Siku ya Bulabo watu wanamiminika kwa ajili ya mbina, yaani ngoma, wakichoka jua wanaingia makumbusho. Sio kinyume.

Kwa hiyo mimi ningekuwa nyinyi, nisingefungua makumbusho mwaka huu. Ningefagia uwanja wa mbele ya ghala, nikasubiri pamba iuzwe, watu wawe na hela kidogo na nafasi, nikaita vikundi viwili vishindane pale. Akina mama wafinyanzi wauze vyungu, mama ntilie wapike. Bayeye, wale wachezaji wa nyoka, wakija na nyoka wao, muwapangie mbali na wapishi, nawaambia kwa uzoefu. Ghala lenyewe mlifungue mlango mmoja tu, ndani muweke vitu vichache mno, vile ambavyo mwenyewe amekubali kusimama karibu navyo aeleze. Yule mama na kibuyu chake. Mjukuu na ngoma. Watu waone kwamba vitu vina wenyewe.

Kiingilio cha makumbusho msikitegemee. Mgeni mmoja mmoja wa nje na mabasi ya shule hayalipi bati. Siku ya ngoma ndiyo italipa mlinzi wa miezi mingine. Na huyo mlinzi achaguliwe kutoka kwenye koo zilizoleta vitu. Mtu hulinda kiti cha babu yake tofauti na anavyolinda kiti cha mradi.

Chapati_Maji

Mzee umeandika gazeti lakini nimelimaliza.

Mtunza_Daftari

Pole na kazi, Katibu. Mimi niko Dar, nimefanya kazi kwenye stoo za makumbusho miaka mingi. Ya ngoma na sherehe namwachia mzee, ameyasema vizuri. Mimi nina ugonjwa wa makaratasi, na kwenu ndiko mtakakoangukia.

Usipokee kitu kingine chochote mpaka uwe na daftari. Counter book ya kawaida inatosha, yenye jalada gumu. Kila kitu namba yake: mwaka, halafu mpangilio wa kupokelewa. Andika ni nini, kimetengenezwa na nani kama anajulikana, kilifanya kazi gani, kimetoka kwa nani na kijiji gani, kilikuwa na ufa au tundu gani siku ya kupokelewa, na piga picha. Namba usiiandike kwa maka peni juu ya kiti cha watu. Kata kitambaa cheupe cha pamba, andika kwa wino usiofutika, kifunge kwa uzi.

Halafu, kila kinachoingia kinaingia kwa mlango mmoja kati ya mitatu. Hiba: mmetoa, ni cha makumbusho, hakirudi. Amana: ni chenu, sisi tunakitunza, mna haki ya kukichukua kwa sababu hizi na hizi na kukirudisha ndani ya siku kadhaa. Kuazima: ni kwa maonyesho haya tu, tarehe ya kurudi ni hii. Mjukuu wako alichosema ni amana, wala hakuna utata. Tatizo ni kwamba amesema yeye, na yeye si ukoo. Ngoma ya mtemi haina mwenyewe mmoja. Ombeni ukoo ukae kikao, waandike muhtasari kama wanavyoandika wa mirathi, wasaini wote, mtendaji wa kijiji agonge muhuri, nakala moja kwao, moja kwenu, moja kwa afisa utamaduni. Muhtasari utaje jina la atakayekuja kuichukua ngoma na nani atapokea akifariki huyo. Bila hivyo watakuja mashangazi wa Shinyanga baada ya mazishi, na watakuwa na haki.

Kwa mfanyabiashara: tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na kuuza au kupeleka nje ya nchi vitu vya kale bila kibali ni kosa. Waambieni ukoo hilo bila vitisho. Msiwaambie kiti "hakina thamani ya fedha", hawatawaamini, wameshasikia bei. Waambieni kikiuzwa kinaondoka na kesi juu.

Vibali. Umoja wenu kama chama cha wasanii unasajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, lile la sheria namba 23 ya 1984, na afisa utamaduni wenu ndiye wa kuwapitishia. Kama mnataka kupokea fedha za watu wa nje, wengi huongeza usajili wa shirika lisilo la kiserikali, chini ya sheria ya 2002. Upande wa vitu, waandikieni Makumbusho ya Taifa kuomba mtaalamu aje aone. Ombeni mtu, msiombe hela, mtajibiwa haraka zaidi. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo, lakini unakopesha. Mkopo ni wa mchoraji anayeuza, msikopee paa.

Na vijana wasiguse kile kiti na vanishi! Nimeona pichani kinang'aa upande mmoja, sijui ni mwanga wa simu au kuna mtu ameanza. Wala mafuta ya nazi, wala kiwi ya viatu. Ule weusi wa mikono ya watu ndio kiti chenyewe.

Dumuzi wakionekana kwenye mti, unga mweupe chini yake ndio dalili. Hapo tafuteni friza kubwa, Mwanza zimejaa za samaki. Kitu kifungwe kwenye nailoni nzito, hewa itolewe, kikae kwenye baridi kali wiki mbili, kikitoka msifungue mfuko siku hiyo hiyo, maana umande utakilowesha. Ngoma iliyokazwa ngozi msiiweke humo mpaka mtaalamu aione, mti na ngozi havijikunji sawasawa.

Ugomvi wa wachoraji na wazee mnao ufumbuzi tayari, ghala lina milango miwili. Mlango wa mbele vitu visivyouzwa, mlango wa nyuma vinavyouzwa, na ukuta katikati. Angalieni wale wa Tingatinga hapa Oysterbay. Mwenyewe Edward Said Tingatinga alifariki 1972, aliyoyaanzisha yanaendelea kwa ushirika mpaka leo, mafundi wanapaka rangi pale pale wanapouzia. Ni karakana na soko, wala hawaoni aibu kuitwa hivyo. Vijana wenu hawana sababu ya kuiita karakana yao makumbusho ili iheshimiwe. Kinachoharibu ni kuchanganya, mgeni akishauziwa kinyago hapo, anaona na kiti cha mtemi ni suala la bei.

Mzee wa Kisesa, hapo kwa mlinzi umenikumbusha George Lilanga. Aliingia Nyumba ya Sanaa miaka ya 1970 kama mlinzi kabla dunia haijamjua kwa vinyago na michoro. Kwa hiyo mlinzi mumpe na rangi.

BwanaShambaMstaafu

Ndugu Katibu, nimesoma yote nikisubiri mtu aulize ndani ya ghala kulikuwa na nini zaidi ya pamba. Hakuna aliyeuliza.

Maghala ya vyama vya msingi ndiyo yalikuwa stoo za dawa za pamba. Mimi nimegawa dawa hizo kwa mkono wangu. Madumu yalivuja, paketi zilipasuka, na sakafu ya sementi hunywa. Zile dawa za zamani nyingine haziozi kwa miaka mingi. Nchi yetu iliwahi kuingia kwenye mpango mzima wa Afrika wa kuondoa shehena za viuatilifu vilivyokwisha muda, na ulihusu maghala kama hilo. Kwa hiyo akina mama wasianze kuponda udongo mle ndani, na watoto wasikae sakafuni kusikiliza hadithi, mpaka TPHPA waangalie, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Ukiona doa jeusi lenye mafuta kwenye kona, au harufu inayokukaa kooni siku ya jua kali, usioshe. Maji yataipeleka kisimani. Funga kona hiyo, ita watu. Popo nao kinyesi chao kikikauka kina vumbi baya la mapafu, kinyunyiziwe maji kwanza na anayefagia afunge pua na mdomo kwa barakoa ya maana.

La pili. "Chama cha msingi kimetuambia" ni nani aliyesema? Mwenyekiti? Ghala ni mali ya wanachama. Mnahitaji azimio la mkutano mkuu na baraka za Mrajis wa Vyama vya Ushirika, na mkataba wa pango hata kama ni wa shilingi kidogo. Mwenyekiti akibadilika, mgeni mwenye choroko au dengu akaja na kodi nzuri, mtakuta ngoma ya mtemi iko nje kwenye mvua.

La tatu, na hili nalisema kwa mapenzi. Mzani huo msiutoe. Naona kila mtu anazungumza watemi. Baba zetu walianzisha ushirika kwa sababu ya mizani. Wanunuzi binafsi walikuwa wanawapunja uzito, mkulima hajui kusoma, anaambiwa kilo chache anaondoka. Wakaanza kuweka watu wao wa kupima pembeni, ikazaliwa harakati ya Paul Bomani na wenzake, na mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa Victoria Federation, ukubwa wake uliwahi kutajwa kuwa hauna mfano Afrika kwa ushirika wa Waafrika wenyewe. Huo mzani wenu una wajukuu wengi kuliko kiti cha mtemi. Uacheni pale pale uliposimama, upakwe grisi, na siku ya ngoma mtu apimiwe gunia, watoto waone mawe yanavyopangwa. Nitakuja mwenyewe kuonyesha kama afya itaruhusu, natokea Meatu, si mbali.

Mfangano254

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Sisi hapa kisiwani Mfangano tuko na Abasuba Community Peace Museum, na imekuwa ya wenyeji tangu mwanzo, si ya serikali ya Nairobi. Kitu chetu kikubwa hakiwezi kuingia kwa jengo: ni michoro ya miambani pale Mawanga na Kwitone, miduara na mizunguko ya rangi nyekundu na nyeupe, kazi ya watu wa kale waliokuwa wawindaji. Wazee wanajua Mawanga kama mahali pa mambo ya mvua. Michoro ilibaki salama kwa sababu watu waliogopa mahali penyewe. Huo uoga usiuondoe kwa haraka ukiweka bango la "Karibuni Watalii".

Sisi kwa katiba ya 2010 makumbusho na utamaduni vilishuka kwa kaunti, kwa hivyo unaweza kumfuata MCA wako, yaani diwani wa kaunti, ukamwuliza. Inasaidia, inaumiza pia. Kila uchaguzi kuna mtu anataka jina lake kwa mlango. Nyinyi msiwape mlango, wapeni benchi.

KatibuWasanii

Wazee wangu na dada yangu, nimesoma yote kwa sauti mbele ya kamati jana jioni. Yale ya dawa yalileta ukimya, halafu mzee mmoja akasema, "Ndiyo maana paka hawakai mle." Tumefunga ghala. Vitu tunavihamishia kwa muda kwenye chumba cha parokia, chumbani kwangu vimeondoka vyote isipokuwa kibuyu, mke wangu amekipenda.

Mzee wa Kisesa, tumekubaliana na ngoma kwanza. Vikundi viwili vimeshaanza kutukanana kwa nyimbo, kwa hiyo naona mambo yanakwenda. Ila kwenye ngoma ya mtemi nina shida. Mkuu wa wilaya atakuwepo, na watu wa halmashauri wanataka ngoma ile ipigwe akiingia. Ukoo umekataa katakata. Wanasema haipigwi kwa mtu asiyetawazwa. Wewe umesema Bujora hupigwa wakija wakubwa.

Bwana shamba, ni kweli aliyesema ni mwenyekiti, kwa mdomo, tena kwenye msiba. Tumeandika barua kuomba iingizwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu.

Dada wa daftari, kile kiti kung'aa ni mwanga wa simu. Naapa.

MzeeWaKisesa

Bujora ni Bujora, wenyewe walikubaliana hivyo na padri wao. Kwenu ukoo umekataa, basi imekataliwa, hakuna mjadala. Na kwenye muhtasari aliousema huyo binti wa Dar liandikwe hilo hilo: haipigwi kwa mgeni wa serikali. Mkuu wa wilaya mpigieni bugobogobo, ile ngoma ya majembe, mpeni na jembe ashike, picha itakuwa nzuri zaidi kwake. Mkimlazimisha mjukuu siku ya kwanza, hakuna ukoo mwingine utakaowaletea hata kijiko.

Chapati_Maji

Mimi ni Mgalu, tarehe ikipatikana mniambie nije kushuhudia Bagika wanavyobaki peke yao uwanjani.

Mtunza_Daftari

Katibu, barua ya Mrajis kwanza, friza baadaye, na daftari leo. Halafu zile picha tatu za kiti ulizoweka hapo juu zifute. Zinaonyesha mlango wa nyumba yako, na mfanyabiashara naye ana intaneti.